Kipande cha Bawa Nilichokisugua

Usafi haujamuua mtu, husema watu, hasa wale ambao hata kikombe chao hawajui kukiosha. Mimi huwasikiliza nikanyamaza. Ningeanza kuwajibu, tungekesha. Maana mimi kwa usafi, kwa mikono hii miwili, nilifuta kitu pekee duniani kilichoweza kusema kwamba mume wangu hakuua watu watatu. Nilikifuta kwa jivu, mchanga na gunzi la mahindi, kutwa nzima, tena nikiimba.

Mume wangu alikuwa nyapara wa makuli katika kiwanja cha ndege cha Mbeya. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, reli ikijengwa na mji umejaa wageni wa kila rangi. Kulikuwa na ndege moja ya mizigo, mali ya kampuni ya kukodi ya watu wa mbali ambao hatukuwahi kuwatia machoni. Ilileta mashine na vipuri, ikarudi pwani na magunia ya kahawa na pareto, ikipitia Iringa. Ilikuwa kuukuu. Mume wangu aliiita Bibi. Alisema Bibi anavuja mafuta kila anaposimama, na kwamba akiugua wenyewe humpaka rangi badala ya kumtibu.

Lakini kazi yake yeye haikuwa kumtibu Bibi. Kazi yake ilikuwa kupakia na kufunga. Mzigo ndani ya ndege hufungwa kwa nyavu na mikanda, usije ukateleza kwenda nyuma ndege inapopanda. Akishafunga, alikuwa akijining'iniza kwenye kila mkanda kwa uzito wake wote, miguu juu, na makuli wenzake wakifa kwa kicheko. "Nyapara, unacheza bembea?" Naye hujibu, "Heri nicheze bembea mimi hapa chini kuliko mzigo ucheze huko juu." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hilo lilikuwa moja ya machache, na alilirudia mpaka mimi mwenyewe nikachoka nalo.

Mimba yangu ya kwanza ilipokomaa nilirudi kwa mama, Idodi, kama ilivyo desturi, maana mtoto wa kwanza hupokewa na bibi yake. Siku ya kuondoka, mume wangu alinipandishia mzigo kwenye basi, akaufunga, akajaribu kamba mara tatu, kondakta akiguna. Halafu akaniambia, "Njia ya Bibi inapita upande wa kwenu. Jumanne na Ijumaa asubuhi ukimsikia, ujue nimemaliza kufunga na nimefunga vizuri. Hiyo ndiyo barua yangu, mama. Kuandika unajua kwangu ni kazi."

Basi ikawa hivyo. Nilijifungua binti, na kila Jumanne na Ijumaa ndege ikivuma upande wa kusini mama alinichokoza: "Mumeo huyo anakwita, itikia basi!" Nami nilitoka uani na mtoto mgongoni nikapunga mkono angani. Mjinga mie.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, kiangazi, mbingu haina doa. Nilikuwa naanika mtama. Nikausikia mvumo, nikajipangusa mikono nikatazama juu. Ilikuja imenyooka. Haikuyumba, haikuinua pua wala kuinamisha, na hilo nitalisema mpaka naingia kaburini. Nilikuwa nimeshainua mkono. Bawa la kushoto likakunjika kwenda juu, taratibu, kama mlango unaosukumwa na upepo, likaachana na mwili. Kwa muda hakukuwa na sauti yoyote zaidi ya ule mvumo. Halafu ukatufikia mlio wa kukatika, kama mti mkubwa unapoanguka msituni, na wakati huo ndege ilikuwa imeshapinduka, inakwenda chini huku ikimwaga vitu. Mama akasema, "Mungu wangu," akaketi chini palepale juu ya mtama.

Iliangukia ng'ambo ya mto na kuwaka. Wanaume walikimbia, lakini moto ule haukuwa wa kusogelewa. Waliokuwamo ni watatu, wote wageni. Baadaye sana wanaume wakawatoa, na wanawake tukatoa khanga zetu kuwafunika. Mimi nilitoa ile niliyokuwa nimembebea mtoto. Kesho yake gari la polisi likaja likawachukua, na khanga zikaenda nao. Hakuna aliyeziulizia.

Sasa sikiliza jinsi walivyokuwa werevu hao wakubwa. Waliweka askari wawili kulinda mahali pa moto, palipobaki majivu. Bawa lililokatika, lililotawanyika huku kwetu mashambani, halikuwekewa hata mtoto wa kufukuza ndege wa mtama. Watu wakaokota. Mmoja akapata bati akamwekea nguruwe chakula, mwingine akazibia paa la banda. Kahawa ilikuwa imemwagika kila mahali, mbichi, kuku wakaionja wakaiacha.

Changu nilikikuta katika shamba letu. Kilikuwa kipande cha chuma cheupe, kinene, urefu wa mkono wangu kutoka bega mpaka kiganja, na chepesi kuliko kilivyoonekana. Ncha moja ilikuwa imekatika, na hapo penye mkato palikuwa na rangi mbili. Sehemu ndogo ilikuwa nyeupe, inang'aa, ina chembechembe. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, na weusi wenyewe ulijipanga mistari mistari ya mviringo, kama pete za gogo lililokatwa. Nakumbuka nilipitisha kidole pale nikasema, uchafu gani huu unaoingia mpaka ndani ya chuma? Nikampelekea mama, akawa anakiegemeza kwenye mlango wa jiko usifunguke kwa upepo.

Wiki ya pili, dereva wa lori kutoka mjini Iringa akaniletea habari. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, nikajua si jema. "Mama, baba mtoto yuko ndani huko Mbeya. Polisi wanasema mzigo haukufungwa. Wanasema uliteleza nyuma, ndege ikapoteza nguvu ikavunjika."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, mimi Mlutheri na wallahi yangu. Mtu anayejaribu mara tatu kamba ya kikapu cha mihogo juu ya basi! Lakini dereva hakucheka. Akasema wakimtia hatiani, ni watu watatu waliokufa, atazeekea gerezani. Kamba hukatikia pembamba. Upande mmoja kampuni yenye ndege na mawakili, upande wa pili kuli mwenye viatu jozi moja. Nani hapo hakujua itakatikia wapi?

Nilifunga nguo zangu niende Mbeya. Mama akanizuia: nikifika nitafanya nini, nimlilie askari wa lindo? Kabla hatujamaliza kubishana, balozi wa nyumba kumi akapita na tangazo. Wachunguzi wanakuja Idodi. Kila mwenye kipande cha ndege akilete uwanja wa shule baada ya siku tatu, na atakayeficha ni mwizi.

Hapa lazima nieleze, maana watu wa siku hizi mnarudishiana vyombo na makombo ndani. Kwetu jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli halirudi hivihivi. Unaliosha, unalisugua mpaka ajione uso, na ukiwa na chochote unaweka ndani. Kurudisha chombo kichafu ni kumtukana mwenye nacho. Na vitu vya marehemu ndiyo zaidi: haviendi kwa ndugu zake na vumbi la kifo. Mama alipolisikia tangazo, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mali ya watu, tena ya maiti. Tutaipelekaje na matope?" Na wanawake wote wa kijiji walikuwa wameshasema hivyohivyo nyumbani kwao, bila kuambizana.

Tukashuka mtoni na mabati yetu vichwani. Ilikuwa kama siku ya kuosha vyombo vya harusi. Tulichota mchanga, tukachanganya na jivu, tukasugua kwa magunzi, huyu akimtania yule kwamba lake bado lina masizi kama sufuria ya mgumba asiye na mtoto wa kumsugulia. Mimi nilikuwa na sababu kuliko wote. Nilijiambia, wakubwa wakiona jinsi tulivyoitunza mali yao, watajua sisi ni watu wa namna gani, na mtu aliyeoa kwa watu wa namna hii hawezi kuwa mzembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yangu ya kumtetea mume wangu. Msinicheke.

Ule weusi ulikuwa mkaidi. Pengine pote palitakata mapema, lakini pale penye mkato, katika ile mistari, jivu halikutosha. Nikaongeza mchanga mkali. Nikabadilisha gunzi mara tano, sita. Wenzangu walimaliza wakapanda nyumbani, mimi nikabaki, mtoto akilia kwenye majani, nikamwambia nyamaza, namsafishia baba yako njia. Jua lilipoelemea, mkato wote ulikuwa rangi moja, nyeupe. Mama alikipokea akakigeuzageuza, akasema, "Mikono yako Mungu aibariki."

Siku ya tatu wakaja na gari mbili: mhandisi wetu mmoja, kijana wa Kitanzania aliyesomea huko nje, na Wazungu wawili, mmoja mtu mzima ndiye mkuu wao. Vipande vilipangwa kwenye uwanja wa mpira kufuata umbo la bawa. Viling'aa mpaka vikaumiza macho. Balozi alisimama pembeni kifua mbele, utadhani anafungua maonyesho ya Saba Saba.

Mhandisi alitembea katikati ya vile vitu, na kila hatua uso wake ulizidi kuharibika. Akafika kwenye changu. Akapiga magoti, akatoa kioo cha kukuzia, akatazama mkato muda mrefu. Akauliza bila kuinua kichwa, "Hiki kimesuguliwa na nani?"

"Mimi, ndugu mhandisi!" nikajibu kwa sauti, wote wasikie. Jamani, nilikuwa nangoja kusifiwa.

"Ulitumia nini?"

"Jivu na mchanga. Na magunzi. Kutwa nzima."

"Kabla hujasugua, hapa palikuwaje?"

"Pachafu, ndugu. Kidogo peupe, pengine pote peusi, weusi wenye mistari. Ulinitoa jasho huo!"

Akaniambia nimwoneshe weusi ulifika wapi. Nikapitisha kidole, nikamwachia sehemu nyeupe kama upana wa vidole viwili. Akavua miwani, akajifuta uso kwa mkono wa shati, na aliponiangalia sikuona hasira. Ingekuwa afadhali hasira.

Akanieleza polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Chuma kama hiki hakivunjiki kwa siku moja. Ufa huanza mdogo kama unywele. Ndege ikipaa unafunguka, ikitua unajifunga, mafuta na vumbi vinaingia ndani na kukauka humo. Kila safari ufa unasogea kidogo na kuacha mstari wake. Miezi, pengine miaka. Mwisho kinabaki kichuma kidogo kinachoshikilia bawa zima, nacho siku moja kinachoka, kinakatika mara moja. Hicho ndicho cheupe. "Weusi ule," akasema, "ndio uliokuwa unasema bawa hili lilikuwa limeshavunjika kabla mtu yeyote hajapakia gunia. Kile cha upande wa mwilini kilichoachana na hiki kimeyeyuka kwenye moto. Hiki ndicho kilichobaki."

Nilielewa kabla hajamaliza. "Basi andika!" nikamwambia. "Mimi nimeuona. Andika kwamba nimeuona kwa macho yangu!"

Akawageukia wenziwe, wakazungumza Kiingereza. Mkuu wao akauliza kitu kifupi. Mhandisi akasita, akanitafsiria: "Anauliza wewe ni nani."

Nikasema. Ningedanganya? Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale. Nikasema mimi ni mke wa nyapara aliyefunga mzigo. Mkuu hakuhitaji tafsiri ndefu. Aliposikia tu akafunga daftari lake.

"Mama yangu naye aliuona!" nikapiga kelele.

"Mama mkwe wa nyapara," mhandisi akasema kwa upole. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Dada, laiti ungeniletea na matope yake."

Wakavipakia vipande vyetu visafi wakaondoka. Mama aliuliza kama wamefurahi. Nikamwambia wamefurahi sana. Alikufa anajua hivyo.

Mume wangu alikaa ndani miezi minne. Wakamwachia kwa sababu hawakuwa na la kumfunga nalo, lakini hawakumwachia kwa sababu hana kosa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kazini hawakumrudisha. Kampuni ikaleta ndege nyingine, maisha yakaendelea, kahawa ikasafiri. Alinifuata Idodi akiwa amekonda, na jioni ya kwanza akaniambia alichosomewa: chanzo hakikuthibitishwa, huenda mzigo ulihama, na baadhi ya vipande muhimu viliharibiwa na wanakijiji.

"Wanakijiji gani hao?" akaniuliza. "Walivifanya nini?"

"Sijui," nikasema. "Watu tu."

Halafu akauliza tena, maana alikuwa amekaa na mafundi wa ndege muda mrefu, alijua mambo. "Katika vile mlivyookota, hamkuona hata kimoja chenye mkato mchafu?"

Nikamjibu, "Vyote vilikuwa safi."

Na sikusema uongo, hebu ona. Vyote vilikuwa safi.

Mtaniuliza kwa nini. Niliogopa, basi. Niliogopa macho yake. Alikuwa ametoka gerezani, ana mimi na mtoto tu, nami nilikuwa nimsimulie kwamba mkono uliomfutia ushahidi ndio huu unaompakulia ugali? Nilijiambia nitasema kesho, akishanenepa kidogo. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Na uongo ukikaa ndani ya nyumba huzoea kama paka, unamruka tu unapopita.

Mjomba wangu alitupa shamba Kalenga, tukahamia huko, ambako hakuna aliyejua habari za mtoni. Lakini habari za ndege zilitufuata. Wakamwita Mwangusha-ndege. Kwenye pombe ukitokea mzigo wa kufunga kwenye baiskeli, mtu hakosi kusema, "Huyo msimpe kamba!" Yeye alicheka nao. Kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomo tu.

Nililoliona nyumbani wao hawakuliona. Alikuwa akimfunga mbuzi, anatembea hatua kumi, anarudi kukagua fundo, anakwenda, anarudi. Alikuwa akikaa na kipande cha kamba mapajani, anafunga, anafungua, midomo ikihesabu mikanda ya siku ile, mmoja mmoja. Nikamwambia mara nyingi, niliiona ndege kwa macho yangu, ilikuwa imenyooka, bawa lilikatika lenyewe. Akanijibu, "Bawa haliwezi kukatika lenyewe. Lazima kuna kilicholivunja. Mkanda wa tano, mama mtoto. Wa tano sikumbuki kama niliujaribu." Kuna nyakati alianza kujiamini, kisha usingizi wa mchana mmoja ukamrudisha kulekule kwenye mkanda wa tano.

Na kanisani aliacha kushiriki chakula cha Bwana. Mchungaji alikuja kumwuliza, akasema, "Nina watu watatu mkononi, mchungaji. Nitaupokeaje mkate kwa mkono huo?" Jumapili baada ya Jumapili watu waliinuka kwenda mbele, yeye akabaki kwenye benchi ameinamisha kichwa. Na mimi? Mimi niliinuka nikaenda. Nilikula na kunywa, nikarudi nikaketi karibu naye. Kama kuna jambo nitakaloulizwa siku ya hukumu, si kuosha kile chuma. Ni hilo.

Tulikaa hivyo miaka saba. Binti yetu akaanza shule. Alasiri moja jirani alikuwa ametuletea maboga kwenye bakuli la bati, na binti akalikalia uani analisugua kwa jivu, ulimi nje, kama nilivyomfundisha. Baba yake alikuwa anamtazama kutoka kwenye kigoda. Akatabasamu, tabasamu la kweli, la miaka ya Mbeya. Akasema, "Mtoto huyu ana mikono ya mama yake. Akishika uchafu, haubaki."

Sijui nilijizuia vipi miaka yote ile hata nikashindwa siku hiyo. Nilimtuma mtoto apeleke bakuli, nikaketi chini mbele ya mume wangu, nikasema yote: kipande, mistari, mto, magunzi, mhandisi, neno la mhandisi. Sikuacha kitu. Nilisema nikiangalia vidole vya miguu yake.

Alipoongea alikuwa mtulivu. "Weusi ulikuwa kiasi gani?"

Nikamwonesha kwa vidole. Nikabakiza vidole viwili tu vya weupe.

"Basi wa tano niliujaribu," akasema.

"Uliujaribu."

Akaanza kulia, mtu mzima, machozi yakimdondokea mikononi, nami nikadhani ni ya kufunguliwa, nikasogea nimshike. Akanizuia kwa kiganja.

"Kuosha nisingekuhukumu," akasema. "Mama yangu naye angeosha. Ungenijia siku ile nilipotoka, ungesema nimekosa, nimesugua, lakini wewe huna kosa. Ningekasirika siku mbili, ningelala. Miaka saba nimewazika wale watu kila siku, na wewe umekaa hapo unanitazama nikichimba. Serikali ilinifunga miezi minne. Aliyenifunga mimi ni wewe."

Binti akarudi kutoka kwa jirani, nikainuka nikaingia jikoni.

Jumapili iliyofuata aliinuka kwenye benchi akaenda mbele, kanisa zima likageuka. Kamba aliacha kuzishika. Alilala vizuri, alinenepa hata. Mimi hakunipiga, hakunifukuza, hakunitukana hata mara moja. Alifanya jambo moja tu. Tangu siku ile, akimaliza kula, aliinuka na sahani yake, akaenda uani, akaiosha mwenyewe, akaiegemeza ukutani ikauke.

Fikiria, mwanaume wa umri ule, miaka ile, anaosha sahani mbele ya majirani. Wanawake walinifuata kisimani wakicheka mpaka ndoo zikamwagika. "Mwenzetu, hilo limbwata umelitoa wapi? Tugawie!" Nami nikacheka nao. Nilikuwa nimeshajifunza kicheko cha mdomo tu, mwalimu nilikuwa naye nyumbani.

Mara kadhaa nilijaribu kumpokea sahani. "Acha," husema, bila ukali. "Nitaosha."

Kifua kilimwanza mvua zilipokatika, na hospitali ya Iringa wakasema tumechelewa. Nilimuuguza wiki tatu. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa akijikokota hadi kwenye bomba la nyuma ya wodi na bakuli lake la uji, manesi wakimgombeza, wakinigombeza na mimi kwamba ni mke gani huyu anayemwacha mgonjwa aoshe vyombo. Ningewaeleza kuanzia wapi?

Asubuhi ya mwisho alikunywa uji vijiko vitatu. Akajaribu kuinuka, mkono ukakataa. Akajaribu tena. Akaliangalia bakuli, akaniangalia na mimi, kisha akalisukuma kidogo juu ya blanketi kuja upande wangu.

"Osha," akasema.

Kama alikuwa amenisamehe au alikuwa amechoka tu, hakusema, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Nikalichukua bakuli nikaenda nalo bombani. Nikaliosha kwa maji matupu.